Gari la Maji Hadi Tarbaj

Sikuwa na hamu yoyote ya kwenda Tarbaj. Nilikwenda kwa sababu Halima, mke wa jirani yangu Hassan, alinijia mlangoni hapa Garissa. "Mwalimu, wewe ni mtu wa kemia," alisema. "Mfungue mzee wangu macho. Anataka kutoa ngamia zetu, na hizo ngamia ndio shule ya watoto."

Fundi mmoja mjini alikuwa amemfungia Hassan mtambo kwenye pikapu: dumu la maji nyuma, mpira mwembamba hadi kwenye kopo chini ya boneti, na nyaya mbili kutoka kwenye betri. Eti umeme unatoa hidrojeni ndani ya maji, injini inaichoma, petroli inabaki ya kuwashia tu. Sasa fundi alitaka ngamia watatu ili amfanye Hassan mshirika wake.

Tuliondoka alfajiri kuwafuata hao ngamia Tarbaj, na mji haujaisha nilikuwa nimeshaanza. Hidrojeni huendesha magari kweli, nilimwambia, lakini hayo hujazwa gesi yenyewe, iliyotengenezwa kwingine kwa umeme wa kwingine. Hapa umeme unatoka kwenye betri, betri inachajiwa na injini, na injini inakula petroli. "Ni sawa na kumnywesha ngamia maziwa yake mwenyewe ukitegemea anenepe."

"Ngamia ni ngamia, gari ni gari," alisema Hassan.

Modogashe tulijaza petroli. Nilimtazama tu. "Ya kuwasha," alisema. Habaswein akaongeza nyingine.

"Hassan, gari linawashwa mara ngapi?"

"Mwalimu, wewe nyamaza kidogo."

Tulipoiacha Wajir nyuma, mama mmoja alisimama kando ya barabara na mbuzi wake, ameinua dumu tupu. Hassan alipiga breki papo hapo. Huku gari haliwapiti wenye kiu. Alichomoa mpira, akammiminia maji yote, mbuzi wakigombania yaliyomwagika.

Kisha akawasha gari. Likawaka. Tukaenda mwendo uleule, dumu letu likigongagonga nyuma.

"Umeona?" nilipaza sauti. "Maji hakuna! Linakwenda kwa nini?"

"Sadaka, walahi," alisema, uso umemng'aa. "Baraka ya yule mama."

Nilitamani kushuka nitembee.

Tarbaj tulipokewa na Dahabo, dada mkubwa wa Hassan, ambaye ndiye huwatunza wale ngamia. Alitukaribisha kwa maziwa. Nilieleza kemia yangu upya, Hassan akitafsiri alichotaka, kisha akasimulia muujiza wake. Dahabo alimsikiliza hadi mwisho, akasema maneno machache ya Kisomali. Wanawake waliokaa naye wakaangua kicheko.

"Amesema nini?"

"Hakuna kitu."

"Hassan!"

Akakuna kidevu. "Anasema, kama baraka inaendesha gari, huyo fundi anataka ngamia za nini?"

Ngamia walibaki Tarbaj.

Njia nzima ya kurudi nilingoja Hassan akiri. Hakukiri. Wajir alilijaza dumu, nikafungua mdomo nianze upya, lakini mpira hakuurudisha. "Hii ni ya watu wa njiani," alisema.

Garissa, Halima alitungoja langoni. "Umemfungua macho?"

"Hapana. Lakini ngamia wapo."

"Basi yatosha, mwalimu."

Kwangu haitoshi. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kutoka kwenye uongo bila kuukana, na hilo linaniudhi mpaka leo. Jana tu nilimsikia akimwambia muuza miraa kwamba pikapu yake inakwenda kwa sadaka.