Singo, tone la maziwa na vidonge vya kabergolini: nilivyokaribia kukosa ndoa

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sikutia.

Ulibaki mwezi mmoja niolewe. Kwetu Michenzani bibi harusi lazima awe na somo, mama mtu mzima wa kumfunda na kumsinga. Wangu ni Bi Mize.

Siku ya kwanza ananisugua singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, kifuani, likatoka tone jeupe kwenye chuchu. Mkono ukasimama.

"Mwanangu, umezaa lini?"

"Sijazaa, Bi Mize. Wala mimba sijabeba."

Wakuu, neno la somo halina rufaa. Akiwaambia upande wa mume, harusi hakuna. Niliogopa sana.

Akanipa wiki moja. Kila asubuhi ananibinya kuangalia kama maziwa yamekauka. Yakazidi.

Nikamwomba twende wote hospitali. Mimba hamna. Ila prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ilikuwa juu mno. Picha ya kichwa ikaonesha uvimbe mdogo kwenye tezi chini ya ubongo. Si saratani, na vidonge vingetosha.

Hapo ndipo niliposhangaa. Maziwa yako kifuani, dawa inafanya kazi kichwani! Kabergolini inaiga dopamini, kemikali ya ubongo inayoiambia tezi ipunguze prolaktini. Mimi niliandikiwa nusu kidonge mara mbili kwa wiki, baada ya kula. Nikiinuka haraka napata kizunguzungu, basi.

Daktari akauliza, "Nani anayabinya?" Kumbe kubinya kunauambia mwili uendelee kutengeneza. Bi Mize akatazama chini, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Na ambaye hajazaa kabisa hutokwa hivi?"

"Naam, hutokea."

Tukakaa kwenye benchi la nje. Hakutaka kuondoka.

"Nlikuwa na mwari mmoja, zamani," akasema. "Aliapa kama wewe. Mimi nkawaambia watu wa mume."

Nikamshika mkono.

Niliolewa siku ileile iliyopangwa, na maziwa yalishakauka. Bi Mize hakumwambia mtu.

Nilichojifunza: usibinye, nenda ukapime, na dawa hii usijinunulie bila daktari. Mliowahi kuitumia, mlikaa nayo muda gani? Mlipoacha, maziwa yalirudi?

Na kama yule mwari yumo humu, Bi Mize anakutafuta. Ameshakwenda kwenu mara mbili, akaambiwa ulihama.