Nilivyoziondoa Salamu

Mkulima wa Yatta haulizi kitu kabla ya kusalimia. Kwenye jukwaa lao la mtandaoni, nililolitunza nikiwa Syokimau, mtu ambaye mahindi yake yanaliwa na viwavi aliandika juu kabisa, "Habari zenu wapendwa," kisha akatuulizia watoto, ng'ombe na mvua, ndipo viwavi wakafika. Ukitafuta viwavi, uliletewa orodha ndefu ya "Habari zenu," na hujui ufungue ipi.

Nilikereka. Nilifanya kazi nimesimama, chai ikipoa. Nikaiagiza sehemu ya kutafuta iruke salamu zote ionyeshe swali lenyewe, na ujumbe wa salamu tupu isiulete kabisa. Nikajipongeza.

Jumapili mama akanipigia kutoka Kithimani. "Nimekuandikia huko kwa wakulima mara tatu, maana simu yangu hushiki. Sasa nikitafuta naambiwa hakuna kitu."

Nikauchimbua mwenyewe ujumbe wake wa kwanza. "Habari ya huko, mwanangu? Sisi tuko salama. Wewe uko aje?" Wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Wa tatu pia.

"Lakini mama, hukuuliza kitu," nikamwambia.

"Si niliuliza uko aje?"