Mdomo Wangu na Tundu la Plagi

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo anayesoma asitafute mpangilio. Ninaeleza kama ninavyoeleza kibandani kwangu Nyahanga, ninapotengeneza injini ndogo, na wateja wananivumilia.

Kiangazi kilichopita alikuja mama mmoja kutoka upande wa Ushirombo, pampu yake ya kumwagilia imefungwa kwenye pikipiki kwa mipira. Nyuma yake mumewe, kashika kipande cha bomba la chuma kama fimbo ya kuchungia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Plagi inaruka. Ukiwasha tu, paa! Imeenda majanini."

Nikachungulia. Yale meno ya ndani ya tundu, yanayoishika plagi, kile cha kutoa cheche, yalikuwa yamesagika yote. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini hizi, ni alumini, kitu laini, na plagi ni chuma. Ukizidisha nguvu, inayoliwa ni alumini.

"Mlikaza na nini?"

Mume akainua lile bomba. Alikuwa amelichomeka kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. "Kwetu kitu kinakazwa mpaka kilie," akasema.

"Si kimelia!" mkewe akamrukia. "Na mimi nitalia. Nyanya zina maua, leo siku ya tatu hazijaonja maji. Kesho kutwa zinapukutisha."

Sikumcheka yule bwana. Sisi Wasukuma tumekulia kwenye plau la ng'ombe, na nati za plau unazikaza kwa nguvu zako zote, chuma kwa chuma. Mimi mwenyewe hedi ya kwanza kuiua ilikuwa ya pampu ya wachimbaji wa Bugarama. Shimo lao likajaa maji, wakanikimbiza mpaka barabarani, kiatu kimoja nikakiacha huko. Lakini hayo tuyaache.

Nikafungua hedi, chenga zisiingie kwenye silinda. Nilikuwa na springi moja tu ya waya ya kulivisha tundu meno mapya. Nikapanua tundu kwa drili, nikachukua tepu, kile chuma cha kukatia meno, nikakipaka mafuta ya taa. Tepu inataka isimame wima kabisa, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Sasa mimi huku ninazungusha, huku ninawasimulia habari za kile kiatu. Nilipofika pale wachimbaji walipoanza kunirushia matope nikanyoosha mkono kuonyesha. Nilipoangalia chini, tepu imelala upande.

Mama akanitazama usoni.

"Baba, umeharibu?"

Ningeweza kusema alumini ni mbovu. Mafundi tunasema hivyo kila siku.

"Nimeharibu, mama. Hii springi haitakaa tena."

Akakaa chini kwenye tairi, khanga mdomoni. Mume, badala ya kufurahi kwamba sasa waharibifu tuko wawili, akasema polepole, "Hakuna njia nyingine, mzee?"

Njia ilikuwepo, ila ya mwisho. Nikaenda kwa jirani yangu mwenye mashine ya kuchongea vyuma, akanichongea bushi, pete nene ya shaba yenye meno nje na ndani. Ili ikae, nilipaswa kulipanua tundu tena, na likizidi pale hedi inapasuka. Nikashika tepu kubwa.

"Baba," mama akasema, "nakuheshimu, lakini naomba ufunge mdomo."

Nikaufunga. Mume akapiga magoti akalaza kichwa usawa wa benchi, jicho moja kalifumba, akawa ananionyesha kwa kidole: kushoto kidogo, hapohapo. Mtu aliyezoea kunyoosha mifereji ya shamba ana jicho. Bushi ikaingia wima. Plagi nikampa aifunge yeye, kwa vidole kwanza mpaka ikae, halafu spana tupu, robo tu.

"Haijalia," akalalamika.

"Isilie!" tukasema mimi na mkewe pamoja.

Tukairudisha hedi, tukavuta kamba. Mara ya tatu ikanguruma, na plagi ikabaki mahali pake. Mama akanishukuru, "Wabeja, baba," akaniwekea lile bomba chini ya benchi. "Hili linabaki hapa."

Siku ya pili akanipigia simu. Nyanya za pembeni zimekufa, mistari miwili. Zilizobaki zimenyanyua vichwa. Nikaanza kumuuliza habari za mbolea, akacheka, akasema anamwagilia.

Bomba bado liko pale. Ninaliwekea mguu ninapokula.