Parachichi la Babu

Juzi, hapa mjini, mtaa wa Area 49, niliona kokwa la parachichi limechipua kwenye ndoo yangu ya mchicha, lengalenga kama tunavyouita. Bustani yangu yote iko ndooni. Sijui nitapanga hapa hadi lini, na mimi huogopa kuanza jambo nisiloweza kulimaliza vizuri.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, sombe ya majani ya muhogo ikinukia jikoni. Babu na bibi walipanda mboga za haraka tu, kwa kuwa tulikuwa tunangoja kurudi kwetu Bukavu. Siku hiyo babu alichimba shimo refu.

“We muzee, unapanda avoka?” bibi aliuliza. “Njo kusema haturudi tena?”

“Tukirudi, benye batabakia batakula. We utakufa na wivu.”

Bibi hakucheka. Aligeukia ukuta, akajifuta macho kwa kitenge. Nilidhani hapendi parachichi, nikamwahidi kumsaidia kula fungu lake.

Jioni alitoka na maji aliyooshea mchele, akayamimina polepole pale babu alipopanda, akasubiri udongo uyanywe yote.

Jana nilimwomba mwenye nyumba jembe.