Mashini Tulipakiza Siye Wenyewe

Musicheke mbio. Muniache kwanza nimalize, kisha mutacheka, juu hata mi mwenyewe kuko siku nacheka peke yangu mu jikoni, halafu namukumbuka Ngalula na kicheko kinanikauka mu kinywa. Kuibiwa si kitu, mutu yeyote anaweza kuibiwa. Lakini mi niliibiwa na wimbo mu kinywa, nimevaa kikwembe ya fête, kitenge ya sikukuu, na kamyonete ya mwizi ilipokataa kuwaka nikaisukuma na hii mikono yangu mpaka ikawaka.

Mi ni mujane wa kompani. Hapa kwetu Kapata kusema vile ni kama kusema mi ni binti ya mufalme. Bwana yangu Célestin (Mungu amulaze vizuri) alitumika mu atelier ya bafundi ba kompani ya zamani, ile iliyotupatia nyumba na unga na hata maziwa ya batoto, na kompani ile ilikuwa inapiga namba ku kila kitu: ku nyundo, ku kitanda, ku sufuria, ku Célestin mwenyewe. Masomo yangu iliishia chini sana, lakini namba ya Célestin hata leo ukiniamusha mu usingizi nitakutajia. Kwa hiyo mu kichwa yangu mi, kitu yenye kupigwa namba haipotei. Kitu yenye namba iko na mwenyewe, na mwenyewe ni mukubwa. Shauri yote ilianzia pale.

Mujukuu wangu Solange alipata tangazo mu telefoni yake akanisomea: kazi ya kufanyia ku nyumba, banatafuta bamama benye mashini ya kushona, bashone mifuko midogo ya kitambaa, ile bajeoloji banatia udongo ya kupima kama iko na shaba. Ile mifuko iko kweli, tunaiona kila siku imetupwa ku barabara, basi uongo yake ilikuwa imevaa nguo ya ukweli. Solange akasema, "Kambo, tumuulize kwanza anatumikia wapi, tuende tuone na macho." Nikamujibu, "Weye ulizaliwa kompani imekwisha kufa. Utajua nini ya kazi?" Akaniitia ule mutu ku telefoni.

Akakuya kesho yake. Alijiita Tata Gustave. Kofia ngumu ya kazi, gile ya kumetameta juu ya shati, bilato ya ku miguu yenye vumbi nyekundu, na anasalimia na mikono mbili kama mutoto wa batu. Hakuomba franga hata moja, na hapo njo alinikamata vizuri, juu siye bote tunajua mwizi anaomba kwanza franga ya dosie. Yeye alisema tu, "Mama, kompani haipokee mifuko kutoka ku mashini isiyojulikana. Kila mashini inaenda ku atelier, fundi anaiangalia, anaipiga namba. Siku ya tano nazirudisha, na kitambaa yenye imekatwa tayari."

Namba! Roho yangu ilitulia kabisa, nikaona kama Célestin amerudi na ameketi pale ku kiti. Sikumuuliza Tata Gustave kitu ingine. Nikamupa maji ya kunywa, kisha nikamupa sombe ya kula, na akakula (alikula vizuri, mbwa yule, akaongezewa na bukari).

Nikaenda kuita bamama ba koro ya kanisa, bale benye mashini: Mama Adèle, Mama Odile wa ku kona, Mama Kapinga mwenye kicheko, na Ngalula. Bengine, na mi na mashini yangu pia, tulikuwa tunashona tu ya nyumba, shuka na kikwembe iliyopasuka. Ngalula hapana. Ngalula ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mashini yake njo bwana yake wa pili, juu wa kwanza alikufa mu safari ya biashara ya samaki kutoka Dilolo, na tangu siku ile ni ile mashini ililisha batoto na kubasomesha. Na masomo ilikuwa karibu kufunguka. Mu nyumba yake kitambaa ya uniforme ya batoto ba quartier yetu ilikuwa imepandana mpaka ku dirisha, na bazazi ba bale batoto balikuwa bamekwisha kumulipa nusu.

Ngalula alimusikiliza Tata Gustave mpaka mwisho, kisha akaniuliza mi (ananiita Yaya, dada yake mukubwa), si yeye:

"Yaya, kama kazi ni ya ku nyumba, juu ya nini mashini inatoka ku nyumba?"

Lo! Ulizo ile moja tu. Kama ningeisikiliza pale pale, leo singekuwa nabaelezea hii. Lakini bamama balikuwa banatuangalia, na Tata Gustave alikuwa ananiangalia na heshima, na mi nikaona haya ya kuulizwa mbele ya mugeni. Nikafungua kinywa:

"Ngalula, weye bwana yako alikuwa wa samaki. Bitu ya kompani uachie benye kuijua."

Mama Kapinga akacheka. Ngalula aliingia mu nyumba yake, akachukua kitambaa akafuta mafuta ku mashini polepole, ku mugurudumu, ku mahali pa sindano, kama unaosha mutoto anayeenda kwa bageni, kisha akaitoa mwenyewe.

Na mi sikuishia pale (mi nikianza kitu nakifikisha mpaka kwa mashetani). Nikasema kazi inapokelewa na furaha, tuvae kikwembe yetu ya koro, na tukavaa, na tukazipakiza mashini moja moja mu kamyonete ya Tata Gustave, tukazifunga na kamba zetu wenyewe zisigongane. Tukaimba wimbo wa shukrani. Shofere wake akajaribu kuwasha, ikakohoa, ikakufa. Tata Gustave akaanza kutoka jasho, na mi nikafikiri ni joto! Nikapiga mikono: "Bamama, tusukume!" Tukasukuma mpaka ku barabara kubwa, mi mbele, matako juu, Kapata muzima inaangalia. Ikawaka. Tata Gustave akatupungia mukono.

Siku ya tano haikuleta mutu. Telefoni yake ilikuwa imefungwa. Mama Odile akasema labda fundi ni mugonjwa, na mi nikashika ile neno kama kamba, nikasema hapana kukaa, twende ku kompani tuzichukue. Kompani gani? Ile ya karibu, yenye mulango mukubwa ya chuma, juu Tata Gustave aliwahi kuinyooshea kidole. Na tukavaa tena kikwembe ya koro, juu mi nilisema mu kompani hauingie kama muuza nyanya.

Mulinzi ku mulango alituangalia, siye bote mu kikwembe moja, akatoa kofia yake.

"Pole bamama. Kilio iko wapi?"

Nikamuambia hapana kilio, tumekuya kuchukua mashini zetu zenye zimepigwa namba. Akaenda kuita mukubwa wake. Mukubwa akatuuliza polepole, na kadiri tunajibu, uso wake unabadilika, mpaka akasema, "Mama, hapa hatupige namba ku mashini ya mutu. Mifuko tunaipata ku atelier moja kule mu ville, katikati ya muji. Hakuna Gustave." Bijana bachimbaji balikuwa banapita na pikipiki, mifuko ya udongo mugongoni, bakasimama kusikiliza. Mumoja akauliza, "Kambo, alibaibia usiku?" Mama Kapinga (kinywa yake haina mulango) akajibu, "Tulizipakiza siye wenyewe." "Na kamyonete balisukuma!" akasema mwingine, kumbe ni mutoto wa Kapata, alituona. Balicheka mpaka mumoja akakalia udongo. Mulinzi mwenyewe akageuka ukuta, mabega inatingishika. Mi nilitazama bilato yangu.

Ngalula hakutazama kitu. Alirudi peke yake na miguu, mbele yetu, kikwembe ya fête inakokota vumbi.

Polisi baliandika, na baliandika tu. Lakini musikie yenye inaniuma kuliko polisi na kicheko. Solange alinipeleka ku ile atelier ya mu ville, na atelier iko kweli, na kazi iko kweli. Mama wa pale, Mama Béatrice, anakupatia kitambaa, anaangalia mushono wako, anakuya mwenyewe ku nyumba kuona mashini mahali inakaa, na hachukue kitu. Tulikuta bamama bengine banarudisha mifuko na banalipwa mbele ya macho yetu. Akaniuliza, "Kambo, mashini yako iko wapi?"

Nikamuambia Solange turudi Kapata.

Nilienda kwa Ngalula kuomba pardon. Alikuwa ameketi chini, anashona uniforme na mukono, sindano na uzi, kitambaa yote ile mpaka ku dirisha. Nilianza maneno yangu, marefu, na Célestin ndani yake, na machozi. Akanikata:

"Yaya, pardon yako inaweza kushona mufuko wa suruali?"

Nikasema hapana.

"Basi nyamaza. Keti."

Akanitupia mashati na kikopo cha bifungo. Tangu siku ile naenda kila asubuhi. Mashini Ngalula anaenda kuazima kwa mama mumoja mbali, saa yule mama analala muchana tu, na mi nabaki napikia batoto bake na nashona bifungo. Na neno naachia bajukuu ni hii: kazi ya kweli inakutafuta mikono, haikuchukulie kitu yenye inakulisha, na mutu akiuliza ulizo mbele yako, hata kama bwana yake aliuza samaki, funga kinywa umusikilize.

Jana nilimuomba Ngalula aniachie nishone ukosi mumoja tu. Akaangalia bifungo byangu, akavuta kimoja kuona kama kimeshika.

"Bado," akasema.