Ramani ya stima ilivyonifanya nilikatae shamba la baba mdogo, Naro Moru

Wakuu, poleni na baridi wale mko pande hizi za mlima, na wa joto pia salamu zenu zipo. Leo sina umbea. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyokaribia kukosana na ukoo mzima kwa sababu ya ramani ya stima, yaani umeme. Yote ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimeyaacha nyumbani.

Mimi ni dada wa ramani. Nachora ramani kwa kompyuta, na ofisi yangu ni chumba kimoja Nyeri town, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kwa muda mrefu kazi zangu zilikuwa za majirani wanaogombania mipaka. Ukimpendeza mmoja, mwingine hakusalimii tena.

Halafu kampuni moja ya Nairobi ikaja kutafuta mahali pa kujenga data center.

Kwa asiyejua, data center ni jumba lililojaa kompyuta zinazotunza vitu vyetu vya mtandaoni, kuanzia picha za harusi hadi rekodi za benki. Zinakula stima mchana na usiku na zinatoa joto jingi. Stima ikipotea kidogo tu, kuna mtu mahali analia.

Nilipewa kipande changu cha kazi: kukagua maeneo matatu kwa kutumia data iliyo wazi kwa umma, kisha niandike ripoti. Nikifanya vizuri, kazi za maeneo mengine zitakuwa zangu. Nikiharibu, narudi kwa majirani na mipaka yao.

Nikafungua faili. Wamagana, Sagana, Naro Moru.

Hilo la Naro Moru lilikuwa shamba la baba mdogo.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze. Baba mdogo ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita Maitu, yaani mama yangu. Mzee mwenye mvi kumwita msichana mama huwashangaza wageni, lakini kwetu ndivyo ilivyo.

Shamba lake limepitiwa na zile nguzo kubwa za chuma. Miaka yote alizilaani kwa sababu haruhusiwi kupanda miti chini yake. Aliposikia data center inataka stima, nguzo zikageuka baraka. Kampuni ikilikodi shamba, angejenga nyumba ya mawe, ili mama mdogo atoke kwenye ile ya mbao inayopitisha upepo wa mlima. Kifua cha mama mdogo hakiwezani na baridi, na kila mwaka tunamwona akizidi kudhoofika.

Akanipigia simu. "Maitu, nimesikia ni wewe unaandika hiyo maneno ya shamba. Sasa Mungu anipatie nini ingine?"

Nilicheka, lakini ripoti ilikuwa bado haijaandikwa.

Nikaingia kazini. Wengi hudhani data ya umeme imefichwa kwenye kabati la mkubwa fulani. Si kweli. Kuna ramani za serikali za laini kubwa na vituo vyake. Kuna ramani huru mtandaoni ambamo watu wa kujitolea wamechora nguzo moja moja, Mungu awabariki. Kuna picha za setilaiti.

Na kuna lile tangazo ambalo sote tunalisoma huku tukisonya, la maeneo yatakayokatiwa stima kwa matengenezo. Hilo nalo ni data, wakuu. Nilikusanya yale ya nyuma yote niliyoweza kupata, na kila jina la eneo likitokea, nalipaka rangi nyekundu kwenye ramani.

Naro Moru ikaiva kama nyanya.

Zile nguzo nazo hazikusaidia kitu. Laini kubwa ile inapita tu kwenda mbele. Ni kama bomba la mradi wa maji linalokatiza shambani kwako bila koki. Huwezi kupanda na kubandika waya. Lazima kijengwe kituo kizima cha kupunguza nguvu ya umeme, na hakuna mpango wowote uliochapishwa unaosema kitajengwa hapo. Stima ya nyumbani kwa baba mdogo inatoka mbali kwa laini nyingine ndogo, inayopenya katikati ya miti.

Wamagana haikunisumbua sana, mashamba yamegawanywa vipande vidogo mno. Lakini Sagana, wakuu, Sagana. Laini zinakutana, kituo kiko karibu, na umeme unaingia kutoka pande mbili, kwa hiyo upande mmoja ukilala mwingine unaendelea. Nilienda mwenyewe nikahakikisha kilicho kwenye ramani kipo pia ardhini. Kilikuwepo, na nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja.

Niliamua baba mdogo asisikie habari hizi kutoka kwa mgeni. Nikapanda Naro Moru na kompyuta yangu.

"Baba, hii waya inapita tu."

"Inapita aje na iko hapa kwangu?"

"Jana mlikuwa na stima?"

Akatazama taa ya sola iliyoning'inia ukutani. "Unajua hatukuwa nayo."

Nikamwonyesha ile ramani nyekundu. Akaitafuta Naro Moru kwa kidole, akaipata.

"Kwa hivyo utaandika ati shamba yangu ni mbaya."

"Nitaandika vile iko, baba."

Akachukua ndoo akaenda kukamua. Mama mdogo akanifungia maziwa kama kawaida, lakini mzee hakutoka kuniaga. Nililia njiani hadi Kiganjo, karibu kufika Nyeri.

Siku ya mkutano tuliketi kwenye hoteli moja Nyeri. Wenye mashamba walialikwa pia, na baba mdogo alikuja na koti lake la kanisani. Hakunitazama.

Nikaeleza ripoti yangu. Mshauri wa kampuni akasimama kunipinga. Alisema baridi ya mlima ingepoza mitambo bure, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Kisha akasema laini iko papo hapo shambani, na kwamba matangazo ya kukatwa stima ni mambo ya watu wa nyumbani, si data ya kupangia mradi. Mwekezaji, mama mmoja mtulivu, akaanza kutikisa kichwa kukubaliana naye.

Nilikuwa naitafuta tena ile ramani nyekundu kwenye kompyuta kiti kilipokwaruza nyuma.

"Mimi ndio mwenye hiyo shamba," baba mdogo akasema. "Hiyo waya iko juu ya ng'ombe zangu hii miaka yote, na mimi nakamua na tochi. Huyu alikuja akaniambia ukweli kwangu nyumbani, nikakasirika. Lakini huyu ni mama yangu. Na mama yangu hakuwa anadanganya watu."

Akaketi.

Mwekezaji akatutazama, baba mdogo na mvi zake, mimi na kompyuta yangu. "Mama yako?"

Wazee wa ukumbini wakaangua kicheko, na mmoja akamweleza. Yule mama hakucheka. Aliomba nirudishe ramani ukutani, nianze tena, polepole.

Wakachagua Sagana. Na maeneo yote yaliyobaki, hadi Nanyuki, nayakagua mimi. Nilitoka kwenye ile hoteli nikitembea kama nimenunua mji.

Kazi zilipoanza kuingia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kupeleka fundi Naro Moru. Msingi wa nyumba ya mawe umeshachimbwa, na mama mdogo huutembelea kila asubuhi na kikombe chake cha chai.

Nilichojifunza: data ya umma ni yetu, hata ile inayotuudhi, tuisome. Na ukweli utakaomvunja mtu moyo, mpelekee mwenyewe kwanza, mlangoni kwake.

Wenye maswali ya ramani karibuni, na mliowahi kuandika jambo lililowagusa wa nyumbani, hebu tuambieni lilivyokwisha.

Nikiwa naandika hapa baba mdogo amepiga simu. "Maitu, hiyo ramani yako haiwezi kutuambia stima inarudi saa ngapi?"