Halua ya Kigeugeu

Enzi zetu Utange, neno kigeugeu hatukulisoma kamusini. Tulilala nalo nyumba moja. Miaka mingi baadaye, shule ya usiku, mwalimu alipotueleza kwamba limetokana na kugeuka, nilimwonea huruma. Maskini hakuwahi kuonana na Shangazi Mishi.

Shangazi, dada mdogo wa baba, alikuwa akitoka na ndoo kuteka maji, akifika kisimani keshaghairi, aenda kusukwa. Ukimpikia wali, ataka muhogo. Muhogo ukiiva, asikia kichefuchefu. Hata kuku wetu akiwaita kula wakawa hawaji mbio, wanasubiri kwanza waone kama kweli.

Basi Athmani, fundi cherehani wa Jomvu Kuu, akampenda huyohuyo. Wazee wake wakaja kuposa na sinia la halua. Desturi ya kwetu, msichana akikataa, halua hurudi kwa wenyewe vilevile, haijaguswa. Shangazi akakubali Ijumaa, Jumapili akakataa: eti mchumba ana shingo ndefu. Sinia likarudi. Likaja tena, akakubali, akakataa: shingo sasa aiona fupi. Wazee wa Jomvu wakaapa wallahi watakuja mara moja tu, ya mwisho.

Safari hiyo Nyanya, mamake Shangazi, hakungoja. Msichana alipoitika tu kwamba amekubali, Nyanya akaikata halua vipande, akatutuma watoto nyumba kwa nyumba. Tukagawa huku twalamba vidole, mpaka majirani Wagiriama wa ng'ambo ya barabara wakapata chao.

Hata magharibi haijaadhiniwa, Shangazi akatoka chumbani. "Mama, nimefikiri tena."

Nyanya hakuinua macho. "Fikiri tu, mwanangu. Halua i matumboni mwa watu. Nenda kawatapishe, uwarudishie wenyewe."

Shangazi akasimama mlangoni, akautazama mtaa mzima ukijipangusa midomo. Kisha akaketi, akauliza kama kimebaki kipande.

Vijana wa leo huachana kwa simu, kidole kimoja tu, na hakuna jirani aliyeonja chochote. Wakiniuliza mbona ndoa za zamani zilidumu, huwaambia tulikuwa tukizila mapema. Athmani sasa ni mvi tupu, na bado akirudi jioni hubisha hodi mlangoni kwake mwenyewe, akangoja. Shangazi akiitika karibu, ndipo huvua viatu.